Faili la Dada Yangu

Mpaka leo nikifika Thika huwa napita njia ya nyuma ya soko, nisije nikakutana na hata mmoja wa wale akina mama wa chama cha akiba cha dada yangu, na nikiwaambia sababu mtanicheka, lakini chekeni tu, mimi mwenyewe nilijicheka nikachoka.

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama: nimechonga mawe Juja, nimeuza maji Mwihoko, nimepaka nyumba rangi Mwiki. Mwaka jana daktari mmoja wa Ruiru, mama mpole mwenye kliniki ndogo ya familia, akanipa kazi ya kupiga deki na kupanga mafaili. Sharti lake lilikuwa moja: juu ya faili kuna namba tu, na ya ndani hayanihusu. Hata wagonjwa tuliwaita kwa namba, kwa sababu (hili nililielewa baadaye) wengi walitoka Thika, kama vile watu wa Ruiru wanavyokwenda kutibiwa Thika, ili mtu asikae benchi moja na jirani yake.

Sasa mimi nikifungiwa nyama kwa gazeti, nasoma gazeti kwanza ndipo nipike. Hata hivyo nilivumilia miezi mitatu. Halafu asubuhi moja nikaona karatasi inachungulia kwenye faili 206, na mwandiko wake naujua, kwa sababu mwenye mwandiko huo ndiye aliyenishika mkono nikajifunza kuandika. Dada yangu Wambui. Tulikosana kwa maneno ya kijinga, nikaondoka, akahama, nikabadilisha laini ya simu, na miaka sita ikapita hivyo tu.

Nilijiambia natafuta namba ya simu peke yake. Nikafungua. Nikaona ana sukari. Nikaona anakaa Makongeni, na jina la ploti anayopanga. Na chini kabisa, pale wanapouliza mtu wa karibu wa kupigiwa jambo likitokea, alikuwa ameandika Kamau, jina langu, na pale pa simu akaacha wazi. (Nililia kidogo. Nikasingizia harufu ya jiki ya deki.)

Jumapili nikaenda. Akafungua mlango ameshika chupa ya chai, akaniangalia, akasema, "Umekonda," akanivuta ndani kwa shingo kama mtoto, mbele ya wenzake wa chama waliojaa sebuleni. Akaniomba namba, akaiandika nyuma ya kitabu cha chama, akairudia kwa sauti asikosee. Kwa nusu saa hivi nilikuwa mtu mwenye kwao. Nilikuwa nimesahau anavyofunika mdomo akicheka. Kisha mama mmoja, Mama Kevin, akampitishia dada soda na kipande cha keki kwenye sahani, na mimi, kwa upendo, naapa ni upendo, nikaidaka ile sahani hewani.

"Huyu msimpe hiyo. Ana sukari."

Wakaacha kutafuna. Nikadhani hawajanielewa, nikaongeza kwamba ilipanda mwezi uliopita lakini daktari amembadilishia dawa.

"Kamau," dada akasema polepole, "hiyo umeitoa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Badala yake nikaeleza, tena kwa fahari, kwamba nafanya kazi kliniki ya Ruiru, mimi ndiye napanga mafaili. Mama Kevin akaweka kikombe chini.

"Ile ya yule daktari mama, karibu na steji ya matatu? Na yangu umesoma?"

"Yako bado sijafikia," nikasema, nikitaka kumtuliza.

Wenzake wote wakageuka kumtazama Mama Kevin.

Wambui alinisindikiza mpaka geti. "Mama alipougua sukari, mtaa ulimwita kiwete kabla hata hajakatwa mguu," akasema. "Mimi napanda gari mpaka Ruiru kila mwezi ili hapa nibaki Wambui tu. Ningekuambia mwenyewe, Kamau. Ungengoja." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumatatu nilimwambia daktari kila kitu (Mama Kevin alifika dakika kumi baadaye). Akaninyang'anya funguo za kabati, akaniachia mopa hadi mwisho wa mwezi, akampigia Wambui kumwomba msamaha. Wambui akajibu kwamba atakuja mwenyewe, kuna kitu anataka kurekebisha kwenye fomu yake.

Alikuja Alhamisi. Nilikuwa napiga deki. Akaomba kalamu, akaandika akiwa amesimama, muda mfupi tu, akafunga faili, akanipita bila salamu akishika ukuta asiteleze. Daktari akamsindikiza nje. Nikabaki na lile faili mezani, mimi nalo tu, bila hata karatasi ya kuchungulia.

Kufuta jina langu na kujaza namba yangu pale palipokuwa wazi huchukua muda uleule.

Sikulifungua. Siku hizi hata gazeti la nyama natupa bila kusoma, na laini yangu sibadilishi tena, hata nikihamia wapi.