Njaa Ilimnyamazisha Mdogo Wangu

Jirani alimpiga mdogo wangu kichwani kwa mpini wa jembe, kisa mbuzi wetu walioingia kwenye mahindi yake. Mbuzi! Nilipoona damu ikimtoka sikioni nilimrukia yule mtu, nikamng'ata bega mpaka watu wakanivuta nywele kunitoa.

Hospitali ya Mbarara walimshona, lakini aliyezinduka alikuwa mtu mwingine. Mdogo wangu mpole akawa anarusha sahani, anamtemea mama mate, anagonga kichwa ukutani. Daktari alituambia siku ya kutoka: "Ubongo yake iko na kidonda, na ubongo inakula sana. Lisha yeye, hata akifanya fujo."

Tuliporudi Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, watu wa chumba cha maombi wakasema hicho si kidonda, ni pepo, na pepo huyo hatoki bila kufunga kula. Wangefunga wao basi! La, afunge mgonjwa. Wakamfunga kitandani kwa kamba, wakampa maji tu. Mama yangu, aliyekimbia vita na huyo mtoto mgongoni, akakubali.

Kibaya zaidi, njaa hiyo ilionekana kuwa dawa. Aliacha kutukana, kisha akaacha kusema, kisha hata nzi akitua jichoni mwake hapepesi. Waombaji wakaimba kwa furaha.

"Unaona?" mama akaniambia. "Anatulia. Mungu anamuponyesha."

"Anatulia kama maiti, mama! Munamuua!"

Nikachukua panga. Mzee wa maombi alinizibia mlango, nikamchapa begani kwa ubapa wa panga, akakaa chini bila kupenda. Nikakata kamba. Nikamwinua mdogo wangu kichwa na kumtia uji wa karanga mdomoni, huku mama akinipiga ngumi za mgongo, akilia kwamba namlisha shetani. Uji ulimwagika kidevuni. Nikatia tena. Koo likacheza, akameza.

Nikawa namlisha hivyo kila siku, panga mapajani, waombaji wakinilaani huko nje.

Asubuhi moja kuni zilikuwa mbichi, uji ukachelewa, nikaingia mikono mitupu. Mdogo wangu akaketi mwenyewe, akanizaba kofi nikaanguka.

"Pepo imerudi!" mama akapiga yowe.

Shavu liliwaka moto, nami nikawa nalia na kucheka pale chini. Mkono wake ulikuwa umerudiwa na nguvu!

"Dada," alisema, mara ya kwanza kunitambua tangu apigwe, "uji yangu iko fasi gani?"

Mama akatoka kwenda kuchochea moto wa uji.