Bendeji Zilizozidi Kuwa Nyeupe

Harufu ya mafuta ya kuchua ikinipitia mahali popote, hata kanisani, mawazo hunirudisha kwenye nyumba yetu ya chumba kimoja mtaani Bahati, mwishoni mwa miaka ya sabini. Harufu hiyo ilikaa ndani ya bendeji ambazo kaka yangu Barasa alijifunga mikononi kabla ya kuvaa glavu za ndondi, na mfuaji wake nilikuwa mimi, Nekesa, msichana wa miaka kumi na mmoja. Kila jioni nilizibeba kwenye karai hadi bombani, nikazisugua kwa kipande cha sabuni, nikazianika kwenye waya mbele ya mlango. Zilikuwa ndefu, jamani, na mikono yangu ilikuwa midogo. Zikikauka, Baba alikaa kizingitini akazikunja mwenyewe, polepole, na hakuruhusu mtu mwingine azikunje.

Baba alikuwa bingwa wa ndondi enzi zake. Mtaa mzima ulimwita Bingwa, hata watoto ambao hawakuwahi kumwona akirusha konde. Miaka hiyo ya sabini alikuwa mlinzi wa ghala kwenye viwanda vya Industrial Area, na mikono yake ilitetemeka. Chai alimiminiwa nusu kikombe isije ikamwagika, na vifungo vya shati alifungwa na Mama. Tulijua mtetemeko ule uliletwa na makonde aliyokula kichwani miaka yote ile, ila hakuna aliyelitamka. Lililotamkwa kila siku ni kwamba Barasa, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, angeingia ndondi za kulipwa na kututoa pale. Majirani walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba aliapa kutokanyaga tena ukumbi wa mazoezi mpaka siku mwanawe atakapotia sahihi mkataba. Kwa hiyo alikaa nyumbani akingoja, na sisi tukangoja naye.

Baada ya Krismasi, Barasa alianza kuniletea bendeji kavu, zisizo na jasho wala harufu. Nikamwambia si chafu. "We fua tu, Neke. Nakuomba," akasema. Baadaye aliniambia ukweli pale bombani. Alikuwa ameacha ndondi. Jioni zake zote alizimalizia Kamukunji kwa fundi mmoja, akijifunza kutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. "Sitaki kuzeeka nikifungwa vifungo na mke wangu," aliniambia. "Lakini nikimwambia Baba, nitamuua." Mimi nilimpenda kaka yangu, na ukweli ni kwamba siri ile ilinifanya nijione mkubwa. Nikawa nafua bendeji safi kila jioni, nikazianika waziwazi ili mtaa uone kwamba mwana wa Bingwa anafanya mazoezi. Kwa kufuliwa bila kuchafuliwa zikawa nyeupe pe. Mama akanisifu, "Hee, mwanangu umejua kufua!" Baba alizigeuza mwangani, akazikunja.

Pasaka ikapita, mvua zikaisha, ndipo promota wa ndondi za kulipwa, aliyesikia habari za mwana wa Bingwa, akaja. Alikunywa chai kwetu, nusu ya mtaa ikiwa mlangoni, akasema kesho yake Jumamosi Barasa apambane raundi tatu na kijana fulani wa Mathare. Akimridhisha, sahihi itiwe palepale. Baba akasimama. Sikuwa nimemwona amesimama wima hivyo tangu nipate akili. Barasa alifungua mdomo, akamtazama, akaufunga. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nami nikaufunga wangu. Tulipokutana bombani nikamwuliza itakuwaje. "Raundi tatu tu. Nitajikinga," akasema, akijifanya kucheka. Ningeweza kukimbia kwa Mama nikamweleza yote, na kaka yangu angepona. Sikukimbia.

Siku ya pili nilichungulia dirishani mwa ukumbi, nimesimama juu ya jiwe. Baba aliketi mbele kabisa, shati lake jeupe limefungwa hadi shingoni. Raundi ya kwanza Barasa alijikinga kweli. Ya pili pumzi zikamwishia, mikono ikashuka, na konde likamtua sikio la kushoto. Sauti ya konde lile niliisikia hadi nje. Akaanguka, na alipoinuliwa damu ilikuwa inamtiririka shingoni. Promota alishika kofia yake akaondoka bila hata kuaga. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga; wetu haukuwa msiba wa kifo, lakini sikio lile halikusikia tena.

Jioni ile Baba alikaa kizingitini na zile bendeji, zikiwa na damu. Hakuzikunja. "Nilijua tangu Pasaka," akasema, wala hakugeuka. "Bendeji ya mpiganaji haiwi nyeupe hivi." Mama akaweka mwiko chini. "Ulijua, Baba Barasa, na ukamwacha apande ulingoni?" Baba akazitazama zile bendeji. "Nilidhani akishapanda, damu yangu itamkumbusha yeye ni nani." Mama hakupiga kelele. Alizichukua zile bendeji, na kwa miezi mingi tulizitumia kushikia sufuria za moto.

Baba tulimzika zamani, na matangani wazee bado walisema Barasa angekuwa bingwa. Nyumba zetu za Bahati zimebadilika sura, na vijana wa huko wanaongea Sheng nisiyoielewa hata nusu. Barasa ana karakana yake ya masanduku, ana wajukuu, na vifungo vya mashati yake huvifunga mwenyewe. Nikimtembelea, wote wanajua nafasi yangu ni upande wake wa kulia ili tusikizane. Nimechoka kubeba jambo hili, nami nimeshamwomba msamaha mara nyingi sana. Kila mara nimehamia upande wake wa kushoto kwanza.