Mzabibu Wangu Wenye Majani Mekundu

Jumapili hii sikwenda kanisani, na sababu ni mdomo wangu mwenyewe.

Miaka hii ya biashara huria, mkwe wangu aliniletea mche wa zabibu kutoka Dodoma. Mwaka wa pili majani yakawa mekundu, mishipa tu ikabaki kijani. Jamani, ulipendeza! Zabibu zilikuwa chache na chachu, lakini mimi nilitazama majani.

Kwetu Njombe mtu hanyimwi mbegu. Kila mwanamke wa kikundi chetu nilimkatia tawi akapande, tuje tuwauzie zabibu wafanyabiashara wa Makambako. Mizabibu ikashika vizuri, ila haikuzaa. Tukamwita bwana shamba. Akachuma majani, akapeleka kupimwa, na juzi akarudi kwenye mkutano wetu na jani jekundu mkononi.

"Akina mama, mizabibu hii yote asili yake wapi?"

Nikasimama mbio, mkono juu, mtu asinipore sifa. "Kwangu, baba! Yote ni watoto wa mzabibu wangu, hata ule wa mchungaji!"

"Basi tumepata, bibi," akasema taratibu. "Wekundu huu ni ugonjwa. Virusi vyake ni vya ukoo mmoja mashamba yote, maana vinasafiri ndani ya tawi la kupanda. Dawa hakuna. Yote ing'olewe."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Shusha mkono, bibi," akasema mke wa mchungaji. "Tumeshakuona."