Kanisa Linalosali Maji Yakijaa

Jumapili, saa nne asubuhi. Makanisani Tanga mjini watu wamejaa, wanaimba. Katekista Perpetua Mhando yuko baharini. Maji yamemfika magotini, kanga ameifunga kibwebwe, na vidole vyake vinafunga mbegu za mwani kwenye kamba bila hata kuzitazama.

"Waumini wangu ndio hawa," anasema, akiwaonyesha kwa kidevu wanawake walioinama huku na huku majini. "Leo bamvua. Maji yamekupwa mpaka mbali, na kazi hii haifanyiki yakiwa yamejaa. Tukimaliza tutasali."

Hapa ni Mchangani, kitongoji kidogo pembezoni mwa Tongoni. Kanisa la Anglikana la hapa bado halijatimiza mwaka, na saa ya ibada yake hubadilika kila Jumapili kufuata bahari.

Perpetua, mwenye miaka 46, ni Mbondei wa Muheza. Alikuja pwani kumfuata mumewe, mlinzi wa shamba la mkonge, na siku ya kwanza kuingia baharini alilia kwa woga. Aliyemshika mkono ni Bi Shadya, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani, Mwislamu mzaliwa wa Tongoni.

"Alikuwa akikanyaga chini kama anakanyaga mayai," Bi Shadya anakumbuka, akicheka mpaka anajifuta machozi. "Sasa mtazame. Ananipita mimi niliyemfundisha."

Habari ya kanisa ilianza na mtoto. Loveness, mwenzake Perpetua kikundini, alijifungua akataka mwanawe abatizwe. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ilimshinda, na kichanga kilikuwa kinaumwaumwa. Jioni moja akamwuliza Perpetua, "Dada, huyu akifa hivi hivi, nani atamwombea?"

"Swali lile lilininyima raha," anasema Perpetua. "Baba yangu alikuwa katekista. Nimekua nikimsikia akisoma sala kila asubuhi, nami niko hapa miaka yote hiyo nimenyamaza tu."

Akatandika mkeka mlangoni kwake, wakasali wawili, mtoto mapajani. Mtoto alipata nafuu, baadaye padri wa parokia akambatiza, na watu wakaongezeka mpaka mkekani hapakuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Perpetua akaomba mafunzo parokiani, akarudi na ukatekista usio na mshahara. Mpaka leo anakula kwa mwani.

Masika yalipowafukuza mlangoni, Bi Shadya aliwafungulia banda la kikundi, lile la kuhifadhia mwani mkavu. Baadhi ya wanaume kijijini walinung'unika. Bi Shadya aliwajibu mbele ya mkutano: "Perpetua ni mwanangu, nimemlea mwenyewe humo majini. Nimfukuze mwanangu kwa sababu anasali?"

Taabu iliyobaki ilitoka kanisani kwenyewe. Parokiani ibada ni saa nne, na Mchangani iliandikwa saa nne. Jumapili za bamvua watu walikuwa baharini, na Perpetua akiyasomea sala magunia ya mwani. Alipoamua kufuata maji, banda lilijaa. Lakini taarifa zilizofika kwa wazee wa kanisa zilisema watu wa Mchangani hawana saa maalumu, wanakwenda kuvuna mwani siku ya Bwana. Wengine wakasema ule ni mtaa wa kanisa wa kwenye karatasi tu, ufungwe.

Ndipo Padri Aidan Sekibaha alipokuja kwa pikipiki, bila taarifa, saa nne kamili. Akalikuta banda tupu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bi Shadya, aliyekuwa akianika mwani nje. "Wako wapi watu wa kanisa?"

"Marahaba, Padri. Wapo kazini. Maji yakijaa watakuja. Kaa nikupe uji."

Perpetua aliiona kanzu nyeupe akiwa mbali majini. Alikimbia, akateleza, akainuka, akafika ameloa mpaka kichwani. "Nilijua tumekwisha," anasema. "Nilimwambia neno moja tu: Padri, nisubiri mpaka maji yajae. Usiponiona na watu, ufunge."

Padri akavua viatu, akaketi, akapokea uji.

Adhuhuri bahari ikaanza kurudi, na wanawake wakarudi ufukweni wakiyatangulia maji. Walibadilisha nguo nyumbani kwa Bi Shadya, wakatoka wamevaa vitenge vilivyonyooshwa, harufu ya chumvi bado iko mwilini. Banda likajaa, wengine wakabaki nje chini ya makuti. Walipoanza kuimba Kibondei, sauti nne, bila kinanda, Padri alisahau kufungua kitabu chake.

"Nilikuja kufunga mtaa," anakiri Padri Sekibaha. "Nilipouliza Jumapili ijayo tunasali saa ngapi, walinijibu wote kwa pamoja, kila mmoja na hesabu yake ya maji. Nikacheka. Nikasema, andikeni ninyi, mimi nitafuata."

Leo Mchangani ni mtaa kamili wa parokia, na wanaojiandaa kwa kipaimara wameanza mafundisho. Kiwanja cha kanisa kimepatikana. Bi Shadya ndiye aliyewapeleka kwa mwenye kiwanja.

"Watu wanaliita kanisa la Perpetua," katekista anasema, akisuuza mikono. "Nawakataza, nawaambia ni la Mungu." Anatazama pembeni, tabasamu linamponyoka. "Ila wakipitisha siku mbili bila kuliita hivyo, najisikia vibaya kidogo."

Kina mama wawili wa Ushongo, kijiji kingine cha pwani, wameshamtumia salamu: kwao pia hakuna kanisa. Kuta za Mchangani zikisimama, atamkabidhi Loveness mkeka na ibada ya hapa, naye aende Ushongo.

"Sitafika na ratiba," anasema. "Nitawauliza kwanza wanafanya kazi saa ngapi. Kisha tutaanza kusali."