Kumpelekea Mama Sauti ya Tabitha

Mke wangu Tabitha alifariki wakati wa mvua ndefu, na mama yake hakuwepo kwenye mazishi. Si kwamba hakutaka. Alikuwa amelazwa Molo kwa ugonjwa wa kifua, na daktari alikataa asafirishwe mpaka Naivasha. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii. Nilitaka mama amwone binti yake mara moja, hata kama ni kwenye kioo cha televisheni.

Wengi wanamfahamu Tabitha kwa vitabu vyake vya watoto kuhusu Diwani, punda wa maji anayezunguka Naivasha na mapipa akiingilia shughuli za watu. Tabitha alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Mimi ni fundi wa mikokoteni, niliishia darasa la saba, na Diwani alitokana na punda waliokuwa wakisimama nje ya karakana yangu wakingoja magurudumu. Baadaye stesheni moja ya televisheni ya Nairobi ilimwita awe akisimulia hadithi. Kipindi kilionyeshwa kila Jumamosi mchana. Alikaa kwenye kigoda, kitambaa cha kijani kichwani, watoto wameketi chini mbele yake. Mtaani wakaacha kumwita mwalimu, wakamwita Mama Diwani, na mimi wakaniita Baba Diwani. Jina hilo sikulipenda wala kulichukia.

Kanda za kipindi tulikuwa nazo nyumbani Kihoto, mtaa ulio kando ya Ziwa Naivasha. Ziwa lilipopanda na maji yakaingia mpaka chumba cha kulala, tuliokoa godoro, cherehani na vitabu. Kanda tulizikuta zimejaa tope. Tabitha alisema si kitu, hadithi ziko kichwani. Wakati ule ilikuwa kweli.

Nakuru nilifika asubuhi nikaenda moja kwa moja mtaa wa Bondeni, kwa Hassan. Huyu ndiye aliyekuwa akishika kamera katika kipindi cha Tabitha. Siku hizi anapiga picha za harusi, na chumba chake kimejaa maua ya plastiki. Alinipa pole, akaniagizia chai, kisha akasema amebakiwa na kanda moja tu, ambayo ameihamishia kwenye flashi.

“Hii haijakatwa, mzee,” alisema. “Kuna maneno mengi ya bure hapo mwanzo. Nikutolee?”

Nilimwambia aiache kama ilivyo. Aliifungua ili nihakikishe inafanya kazi. Nilisikia watu wakisogeza viti, nikageuka nikaangalia nje dirishani, na nikamwambia inatosha. Sikuwa tayari kumwona nikiwa na mtu nisiyemjua vizuri.

Kutoka Nakuru nilipata lori lililokuwa limeshusha viazi sokoni na sasa linarudi tupu Olenguruone, kwao Tabitha, ambako mama alikuwa amesharudi kutoka hospitali. Dereva aliitwa Kiprono, mtu wa maneno mengi, na hilo lilinifaa kwa kuwa sikuhitaji kuongea. Alipojua mke wangu alikuwa nani alipunguza mwendo akaniangalia. Alisema punda Diwani alimponza sana utotoni. Alikuwa akiacha ng'ombe Jumamosi na kwenda kuchungulia televisheni ya jirani, ng'ombe wakala mahindi ya watu, na yeye akala fimbo.

“Sasa nitamshtaki nani, boss?” aliniuliza. “Mwenye punda ametuacha.”

Nilicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Tulipopita Sachangwan alinyamaza na kuzima redio. Palepale watu wengi waliungua mafuta ya lori yaliposhika moto, na madereva wengi wa njia ile hawapapiti kwa kelele. Tuliacha barabara kuu, tukapita Molo, tukapanda Keringet. Baridi ilianza kuingia mlangoni. Mashamba ya chai na viazi yalikuwa yameoga mvua, na kondoo walilala barabarani kana kwamba ni yao.

Olenguruone tuliingia jua likiwa juu kabisa. Shemeji yangu Kamau, ambaye ndiye anayekaa na mama, alinipokea kituoni tukatembea mpaka nyumbani. Mama alikuwa amekonda, lakini sauti yake ilikuwa ileile. Aliniita Baba Shiru kama kawaida, kwa jina la binti yetu, akanishika mkono kwa muda mrefu. Majirani walikuwa wamekuja kunisalimia. Tulikula mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, na nyama, tukaomba, na vyombo vilipoondolewa niliona ndio wakati. Nilimpa Kamau flashi, akaichomeka kwenye televisheni.

Kioo kilipowaka na kigoda cha Tabitha kikaonekana, kikiwa bado hakijakaliwa, mama aliinuka. Alivua shuka alilojifunika akalitupa juu ya televisheni.

“Zima,” alisema.

Kamau alizima. Majirani waliangalia chini. Mmoja alikumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, na wengine wakamfuata.

Tulipobaki watatu mama aliniambia jambo ambalo sikulijua. Kwao hadithi hazisimuliwi mchana. Mtoto akisimulia hadithi jua likiwa juu, anamuua mama yake. Mimi nililelewa mjini, na mambo kama hayo niliyasikia kama watu wanavyosema usipige mluzi ndani ya nyumba. Tabitha hakuwahi kunitajia.

“Kila Jumamosi wanawake wa soko walikuwa wananiambia, leo binti yako anakuchimbia kaburi tena,” alisema mama. “Na kwa televisheni, nchi nzima ikiona. Nikangoja kufa. Sikufa. Amekufa yeye. Sasa na wewe unaniletea hiyo hadithi, Baba Shiru, na jua liko hapo mlangoni?”

Nilimwuliza kama aliwahi kuongea na Tabitha kuhusu jambo hilo. Alisema hapana. Tabitha alikuja kila Krismasi na sukari na blanketi, wakaongea habari za ng'ombe. Kila mmoja alimheshimu mwenzake akanyamaza, na miaka ikaenda.

Alasiri nzima nilikaa nje na Kamau tukichambua viazi vya mbegu. Kamau aliniambia nisiweke moyoni, kwamba mama amekuwa hivyo tangu zamani. Lakini niliweka. Mama aliamini kwamba mtoto wake alikuwa tayari kumuua kwa ajili ya kipindi cha televisheni, na mwenye kujibu shtaka hilo yuko chini ya udongo. Niliamua kwamba kesho nitaondoka na flashi yangu.

Jua lilipotua Kamau alifunga zizi. Mama aliita kutoka ndani.

“Ng'ombe wameingia wote?”

“Wameingia, mama.”

“Basi njooni muweke hiyo kitu. Nimwone uso.”

Tuliketi. Tabitha alitokea, akakaa kwenye kigoda, akakaza kitambaa chake cha kijani. Nilijizuia kwa kushika mguu wa meza. Watoto walikuwa wakisukumana. Kisha sauti ya Hassan ikasikika nyuma ya kamera, ya ujana zaidi kuliko ile niliyoiacha Bondeni.

“Mwalimu, tuko tayari. Tuanze?”

Tabitha aliangalia pembeni. “Jua limetua?”

“Bado kidogo.”

“Basi tungoje.”

“Mwalimu, kila wiki ni hivi tu. Hapa ndani hakuna hata dirisha.”

“Nina mama, Hassan,” alisema Tabitha.

Akainama akaanza kuwagawia watoto mandazi. Walikula wakapiga miayo. Baada ya muda mtu fulani alisema limetua, na Tabitha akainua uso akaanza hadithi.

“Rudisha hapo,” mama alisema.

Kamau alirudisha. Alirudisha tena. Mama alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yaligusa televisheni. Mara ya mwisho alifunika mdomo kwa mkono, akatikisa kichwa, kisha akamwambia aache iendelee. Hadithi ilipofika katikati alisema hiyo ni yake mwenyewe, aliyomsimulia Tabitha utotoni, ila katika yake mnyama alikuwa fisi, huyo mtoto amemgeuza punda.

Kamau hakuweza kunyamaza. “Lakini mama, walikuwa wanaionyesha mchana.”

“Hiyo ni ya stesheni,” alisema mama. “Wenye stesheni pia wana mama zao. Waulizane huko.”

Asubuhi Kiprono alinipitia, kama tulivyopatana, na lori lililojaa viazi. Nilimwachia mama flashi. Nilipotaka kumuaga nilimkuta amevaa koti na viatu vya kanisani, ameshika fimbo. Alisema leo ni siku ya soko, na ana maneno na wanawake fulani. Kamau alimkumbusha kifua chake. Mama alimjibu kwamba hakuenda kwenye mazishi, na sokoni atakwenda. Tulimpandisha mbele, katikati yetu.

Tulipokuwa tukiteremka nilifikiri kuhusu zile Jumatano. Jumatano ilikuwa siku ya kurekodi, na Tabitha alirudi Kihoto na magari ya mwisho, akakuta chakula kimepoa. Miaka yote hiyo nilidhani ni msongamano wa Nairobi, na sikuuliza. Huenda angenieleza. Huenda pia asingenieleza. Ilikuwa kati yake na mama. Niliyojifunza ni hayo tu, na mengine sitajifanya kuyajua.

Sokoni Kiprono alisimamisha lori, nikamshusha mama taratibu. Hakuniaga. Alikwenda moja kwa moja kwa wauza kabichi, na kabla hatujaondoka niliona tayari amesimama katikati yao, anaongea, fimbo yake ameinyoosha juu kulionyesha jua.