Karani Aliyeongea na Migomba

Karani wa afya wa jeshi alifika kwa Nzisa, huku Kilungu, kumwona Musyimi, mwana wa mama huyo, mwanajeshi aliyekuwa likizo. Kazi yake ni kufuatilia wanajeshi ajue nani anaugua na nani aliumia kazini, na asiye mzima harudishwi mpakani. Vidole vyake virefu havikutulia. Alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena. Sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliyechelewa ibada, na kila alipouliza jambo aligeuza uso akaangalia migomba. Nzisa alishindwa kumwelewa. Mgeni gani huyu anaongea na migomba ya watu?

"Mimi ni mzima kama fahali wa maonyesho," Musyimi alisema, akimenya chungwa. "Waambie hivyo, afande, nirudi kwa wenzangu."

Nzisa alijua si kweli. Tangu bomu lilipuke karibu naye, kijana huyu hageuki akiitwa kutoka nyuma, lakini alikuwa amemwapisha mamake asiseme.

Karani akasimama kama anayeaga, akapita nyuma ya kiti cha Musyimi, akasema kwa ile sauti yake, "Musyimi, kuna nyoka hapo kwa mguu wako."

Nzisa alipandisha miguu yote miwili juu ya benchi, na uzee wake wote. Musyimi akaendelea kumenya chungwa. Nyoka hakuwepo. Karani alimwangalia mama kama anayeomba radhi, na Nzisa hakujua kama mtu huyu amemwokoa mwanawe au amemharibia, wala kama ni yeye mwenyewe amevunja kiapo kwa miguu.

"Mwaitu," Musyimi alimwita mamake kwa Kikamba, akicheka alipoinua kichwa na kumwona vile, "kuna nini?"