Neno "Who" na Kifungo cha Fundi Ekisa

Nakumbuka siku ile kortini Busia. Ekisa, fundi wa malori, alishushwa kizimbani na pingu mikononi, akanigeukia. "Mama Nekesa, nilikukosea nini?" Hakunikosea kitu. Mimi ndiye niliyemfunga, mwanangu, kwa sentensi moja ya Kiingereza.

Ilianza hivi. Nilikuwa na kibanda cha chai Malaba, pale malori hupanga foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Asubuhi hiyo Ekisa alitoka chini ya lori la tajiri yake, Wandera, grisi mpaka masikioni. "Boss, breki zimekwisha."

Wandera akacheka. "Wewe kunywa chai. Lori liende."

Likaenda kidogo, likarudi kinyumenyume, likaingia kibandani. Dada yangu Nabwire alikufa palepale, birika mkononi. Mimi nilibaki na mguu huu.

Wandera na Ekisa walishtakiwa wote wawili, kila mmoja akisema aliyeruhusu lori ni mwenzake. Polisi aliyechukua maelezo yangu alinishauri, "Mama, andika Kiswahili tu." Nikamwambia hata mimi nimeonja shule. Darasa la tano, na majivuno ya chuo kikuu! Nilitaka kusema nilikuwa na fundi wa Wandera, yule Wandera aliyesema lori liende, ili Ekisa awe shahidi wangu. Nikaandika: "I was with Wandera's mechanic who said the lorry must go."

Kortini Makokha, wakili wa Wandera, aliisoma polepole.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, lakini..."

"Ndiyo ama hapana, mama?"

"Ndiyo."

"Basi aliyesema ni fundi."

Wandera akaenda nyumbani.

Baadaye mwalimu mmoja mstaafu wa Butula alinionyesha kosa langu. Kwa Kiswahili, "fundi wa Wandera aliyesema", Wandera anakuja mwisho, karibu na "aliyesema". Kwa Kiingereza nilimtanguliza Wandera, fundi akabaki karibu na "who", ikamshika yeye.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiandika "who" au "which", weka kidole hapo uulize: ni nani, ni nini? Isogeze karibu na mwenyewe. Wakiwa wawili wanaigombania, kata sentensi, rudia jina. Na penye maisha ya mtu, andika lugha unayoimudu. Mungu akupe mkono mwaminifu kuliko wangu.

Langu nimelikiri. Lakini Wandera uliyesema lori liende, na Makokha uliyejua vizuri nilichotaka kusema, Ekisa bado yuko ndani. Nani kati yenu atakwenda kumjibu?